Siki ya Miwa Inaponuka

Mkulima wa miwa, huenda jambo hili limekupata wewe pia. Ulikata miwa yako, ukaikamua, ukajaza pipa dogo ukitaka kufanya siki ya nyumbani na ya kuuza sokoni. Siku ya tatu ulifunua pipa ukarudi nyuma hatua mbili. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya mayai viza. Mama watoto akaziba pua akasema, "Baba, mwaga hiyo kitu, majirani watasema nini?" Nawe ukamwaga. Lita 20 zikaenda shimoni pamoja na jasho la siku nzima.

Na huenda jirani yako ng'ambo ya kijito alipata taabu ya namna nyingine. Pipa lake lilinuka kama siagi iliyovunda. Yeye hakumwaga. Alifikiri kwamba akichanganya na siki yake nzuri ya zamani, ile nzuri itaishinda ile mbaya. Basi akaharibu zote mbili.

Wewe ulikosea kwa kumwaga, naye alikosea kwa kutomwaga. Ninyi nyote wawili mlisikia harufu, lakini hamkujua maana yake. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya mambo yaliyomo ndani ya pipa ni harufu. Katika ukurasa huu tutaeleza harufu moja moja, sababu yake, na dawa yake ikiwa dawa ipo.

PIPA LINA VIUMBE HAI

Kwanza, yafaa ujue mambo yanayotendeka pipani. Siki hufanywa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza hamira hula sukari ya miwa na kuigeuza kuwa kileo, huku ikitoa hewa yenye mapovu. Katika hatua ya pili vijidudu vya siki huchukua kileo hicho na, kwa msaada wa hewa safi, hukigeuza kuwa asidi ile inayoifanya siki iwe kali. Hatua ya kwanza haihitaji hewa nyingi. Hatua ya pili haiwezi kwenda bila hewa. Ukikumbuka jambo hilo moja tu, umekwisha kuepuka nusu ya harufu mbaya.

Mambo haya hayakujulikana zamani. Mwaka 1856, katika mji wa Lille, Ufaransa, Bwana Bigo alikuwa na kiwanda cha kutengeneza spiriti kutokana na maji ya bitiruti, zao ambalo hutoa sukari kama muwa. Mapipa yake mengine yalikwenda vizuri, mengine yalichachuka vibaya na kumtia hasara. Akamwendea mwalimu wa sayansi wa mji huo, Louis Pasteur. Huyo alitazama matone ya kila pipa kwa hadubini. Katika mapipa mazuri aliona vidonge vidogo vya mviringo, yaani hamira. Katika mapipa yaliyoharibika aliona vijiti vidogo sana, namna nyingine kabisa ya viumbe. Mwaka 1861 akaeleza juu ya vijidudu vinavyoleta harufu ya siagi iliyovunda, navyo vyaweza kuishi mahali pasipo hewa.

Basi, pipa lako ni kama shamba. Ukipanda mbegu nzuri katika shamba safi, utavuna vizuri. Ukiacha magugu yatangulie, utavuna magugu. Harufu ndiyo inayokuambia ni gugu gani limeota.

HARUFU YA MAYAI VIZA

Hii huwatisha watu kuliko zote, lakini mara nyingi ina dawa. Maji ya miwa yana sukari nyingi, lakini yana uhaba wa chakula kile kinachojenga mwili wa hamira. Hamira iliyomo ni kama mtoto anayelishwa ugali mtupu kila siku bila maharagwe wala mboga. Ikipata taabu hiyo, hutoa hewa yenye salfa, nayo ndiyo inayonuka kama yai lililooza. Joto kali la mchana huzidisha taabu hiyo.

Ukisikia harufu hii katika siku mbili za kwanza, fanya hivi:

1. Chukua ndoo mbili safi. Mimina maji ya miwa kutoka ndoo moja hadi nyingine mara nne au tano, nje ya nyumba, ili hewa mbaya itoke na hamira ipate nguvu.

2. Tia hamira ya mkate kijiko kimoja cha mezani katika kikombe cha maji, uchemshe kwa dakika 10. Hamira hiyo itakufa, nayo itakuwa chakula cha ile iliyo hai. Ipoe kabisa, ndipo uimimine pipani.

3. Lihamishe pipa kwenye kivuli. Ikiwa mahali penu pana joto kama tambarare za Nyando, lizungushie gunia lililolowa maji. Hamira hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 30.

Harufu ikitokea baada ya siku mbili hizo, usimimine tena kwa nguvu. Koroga polepole, ulishe hamira kama tulivyosema, kisha ungoje. Mapovu yakiisha, mimina maji yaliyotulia katika chombo kingine na kuyaacha masimbi chini. Harufu ndogo iliyobaki hutoka yenyewe katika hatua ya pili, maana siki hukaa na hewa kwa majuma mengi.

Kuna mambo mawili ambayo sharti usiyafanye. La kwanza, usitie mbolea ya shamba, hata kama umesikia kwamba hamira hupenda chakula kilicho ndani yake. Mbolea ya shamba si chakula cha watu. La pili, usitumbukize waya wala kipande cha shaba. Ni kweli kwamba shaba hukamata ile hewa ya salfa, na hiyo ni sababu moja ya vyombo vya kukenekea ramu katika visiwa vya Karibi kufanywa kwa shaba tangu zamani. Lakini siki ni kali, hula shaba, na shaba iliyoyeyuka ndani ya chakula ni sumu.

HARUFU YA SIAGI ILIYOVUNDA AU MATAPISHI

Hii si harufu ya hamira yenye njaa. Ni harufu ya adui aliyekwisha kuingia. Vijidudu vyake hukaa katika udongo, na huingia pipani pamoja na miwa michafu. Hupenda mahali penye joto, pasipo hewa, na pasipo uchachu. Tena vina mbegu ngumu ambazo hazifi kwa maji yanayochemka. Kwa hiyo usifikiri kwamba utaliponya pipa hilo kwa kulichemsha.

Hapa hapana dawa. Mwaga. Usichanganye na siki nyingine, hata kikombe kimoja. Osha pipa kwa maji ya moto na sabuni, lisugue, lisuuze mara tatu, kisha lianike juani mchana kutwa. Ikiwa pipa ni la plastiki na bado linanuka baada ya kuanikwa, litumie kwa kazi nyingine isiyo ya chakula.

Labda utasikia watu wakisema kwamba huko Jamaica watengenezaji wengine wa ramu huacha makusudi mabaki ya mapipa yavunde shimoni, kisha huyatia katika maji ya molasi ili ramu yao iwe na harufu nzito. Maneno hayo ni kweli. Lakini hiyo ni kazi ya viwanda vyenye leseni na wataalamu wa kupima. Siki yako haitapata faida yoyote kwa uvundo.

HARUFU YA RANGI YA KUCHA

Wakati mwingine pipa hunuka kama rangi ya kucha au kama dawa ya kuyeyushia rangi ya mafundi. Maana yake inategemea hatua uliyofika.

Ukisikia harufu hiyo katika hatua ya kwanza, hewa imeingia mapema, na mara nyingi wale nzi wadogo wa matunda wameingia pia. Nzi hao hubeba vijidudu vya siki miguuni. Vijidudu hivyo vikitangulia kabla hamira haijamaliza sukari, uchachu huidhoofisha hamira na kazi husimama katikati. Funika vizuri. Tia mpira mwembamba katika kifuniko, na ncha yake ya pili uizamishe ndani ya chupa ya maji. Hewa ya pipa itatoka ikitoa mapovu majini, na hewa ya nje haitaweza kurudi.

Ukiisikia katika hatua ya pili, usiogope. Ni dalili kwamba kileo na asidi vimekutana na kazi haijakwisha. Zidisha hewa: tumia chombo chenye mdomo mpana zaidi, ufunike kwa kitambaa safi tu, si kwa kifuniko. Ngoja majuma machache, na harufu itapungua.

HARUFU YA UKUNGU

Tazama kwa macho pia. Ikiwa juu ya siki kuna utando laini unaoteleza, mzito kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, huyo ndiye mama wa siki. Usimtupe, maana ndiye mbegu yako ya mara nyingine. Ikiwa kuna utando mweupe mwembamba wenye mikunjo, uondoe kwa kijiko safi kila siku na uangalie. Lakini ikiwa kuna manyoya ya rangi ya kijani, nyeusi au ya buluu, na harufu ya ghala lililonyeshewa, huo ni ukungu. Usiondoe manyoya ukafikiri yaliyo chini ni salama. Mwaga yote.

Kuna harufu moja zaidi, nayo haitoki kwa kijidudu chochote: harufu ya mafuta ya taa au ya dawa ya wadudu, inayotoka katika jerikeni lililotumiwa zamani. Chombo kama hicho hakisafishiki. Usikitie chakula kamwe.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mkulima afuataye mambo haya hataona harufu mbaya mara nyingi.

Kata miwa iliyokomaa, uioshe udongo wote kwa maji safi, na uikamue siku ile ile. Muwa uliokatwa huanza kuharibika upesi, na miwa iliyolala siku tatu mashambani imekwisha kuwa na magugu yake ndani. Chuja maji yake kwa kitambaa, uyachemshe kwa dakika 10 na kuondoa povu chafu linalopanda juu. Kisha changanya lita 15 za maji hayo ya miwa na lita 5 za maji safi yaliyochemshwa. Ukiacha utamu wote bila kuupunguza, kileo kitazidi na vijidudu vya siki vitashindwa kazi.

Tia maji ya ndimu kikombe kimoja. Uchachu huo mdogo hauidhuru hamira, lakini humzuia yule adui wa siagi iliyovunda. Ngoja mpaka maji yapoe, mkono uweze kukaa ndani bila taabu, ndipo utie hamira ya mkate kijiko kimoja cha mezani iliyolowekwa katika maji ya vuguvugu. Usikawie kutia hamira. Ukiacha pipa usiku mzima bila hamira, umelima shamba bila kupanda.

Baada ya siku 5 hadi 10 mapovu hukoma. Mimina maji yaliyotulia katika chombo cha mdomo mpana cha udongo usio na rangi, cha kioo, au cha plastiki ya chakula. Usitumie chuma wala debe la bati. Papo hapo tia siki hai ambayo haikuchemshwa, lita moja kwa kila lita 4. Funika kwa kitambaa na ungoje majuma 6 hadi 12. Siki ikiwa tayari, harufu yake hupenya puani, lakini ni safi, haina uvundo wala utamu wa kileo. Ijaze katika chupa safi mpaka juu, ufunge sana.

Usitumie siki hiyo kuhifadhia mboga au pilipili kwenye chupa mpaka imepimwa nguvu yake. Kazi hiyo hutaka asidi isiyopungua sehemu 5 katika 100, na ulimi hauwezi kupima jambo hilo. Kabla ya kuuza, muulize afisa wa kilimo na afisa wa afya wa mahali penu juu ya vipimo, na juu ya alama ya Shirika la Viwango la Kenya.

HEWA INAYOUA

Sasa tuseme jambo zito. Lita 20 za maji ya miwa, zikigeuzwa na hamira, hutoa zaidi ya lita 500 za hewa ya kaboni. Kwa hiyo usizibe pipa kabisa katika hatua ya kwanza, maana laweza kupasuka. Tena hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia chini kama maji. Haina rangi, wala haina harufu ya kukuonya.

Usilaze mapipa katika chumba kisicho na dirisha ambamo watoto hulala. Usiingize kichwa pipani ili kunusa. Chukua kidogo katika kikombe ukanuse nje. Ikiwa chama chenu kina tangi kubwa au shimo la kuchachushia, mtu asiingie ndani kulisafisha mpaka limemwagwa, limefunguliwa na kupigwa na upepo wa kutosha, na wenzake wako juu wakimwangalia. Mtu akianguka ndani, usiruke kumfuata. Mara nyingi mwokoaji hufa pamoja naye. Ita watu, leta kamba, na upeleke hewa safi ndani.

Hata ile hewa ya mayai viza ina hila. Ikiwa kidogo, hunuka sana. Ikizidi sana, hulevya pua, nawe hudhani imekwisha. Pua iliyoacha kusikia si dalili ya usalama.

JAMBO AMBALO PUA HAILIJUI

Kuna watu watakaokuambia, "Kwa nini ungoje majuma 12? Maji hayo ya hatua ya kwanza yakeneke, upate fedha Jumamosi hii." Usiwasikilize. Tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, mtu haruhusiwi kutengeneza wala kuuza kileo bila leseni. Ndiyo sababu tunakuambia utie siki hai papo hapo mapovu yanapokoma, ili pipa liende njia yake hadi mwisho.

Lakini sheria si sababu peke yake. Mwezi wa Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, ile spiriti ya viwandani. Wengine walipofuka macho. Watu hao walikuwa na pua kama yako na yangu. Methanoli hunukia kama kileo cha kawaida, na mnywaji hana njia ya kuitambua kwa kunusa wala kuonja.

Basi, mkulima, itumie pua yako kwa kazi yake. Itakuambia hamira ina njaa, itakuambia pipa limeingiliwa na uchafu, itakuambia hewa imekosekana. Ukiisikiliza vizuri, utaokoa mapipa mengi ambayo zamani ungeyamwaga, na utamwaga upesi yale yanayostahili kumwagwa. Lakini usiifanye kuwa mlinzi wa uhai wako, maana haikuumbwa kwa kazi hiyo.

MASIMBI NA MAJIRANI

Mwisho, usisahau majirani. Masimbi ya pipa na maji ya kuoshea vyombo hunuka sana yakiachwa uani, nayo yakimwagwa kijitoni huwamaliza samaki hewa ya majini. Chimba shimo mbali na kisima na mbali na choo. Tandaza makapi makavu ya miwa chini, mimina masimbi juu yake, nyunyiza jivu, kisha funika kwa udongo. Fanya hivyo tabaka kwa tabaka. Baada ya miezi michache utakuwa na mboji nzuri ya kurudisha kwenye mashina ya miwa yako.

Mara nyingine utakapofunua pipa siku ya tatu na mama watoto akaziba pua, usikimbilie shimo. Chota kikombe kimoja, toka nje kwenye upepo, mnuse pamoja, mkaulizane: ni yai, ni siagi, ni rangi ya kucha, au ni ukungu? Mkipata jibu, mtajua kazi ya kufanya asubuhi hiyo.